Hamu, Shibe na Kujinyima: Tabia za Ulaji na Zinakompeleka Mtu

Tabia ya ulaji ni namna ya kudumu ambayo mtu hukipokea chakula. Yuko anayeamshwa hamu na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani ilhali ametoka kula sasa hivi, na yuko ambaye chakula hakimshughulishi mpaka njaa imbane. Yuko anayeshiba kwa matonge machache, na yuko anayejua kwamba ameshiba pale tu sahani inapokuwa tupu. Wengine hula haraka, wengine polepole. Wengine wakiwa na huzuni hawamezi kitu. Wengine huzuni ndiyo inayowapeleka jikoni. Tena wapo wanaokula huku wakihesabu kila kinachoingia mdomoni kwa kuogopa kunenepa. Tofauti hizi hazitokani na mlo wa siku moja. Zinapimika, hudumu kwa miaka, na watoto waliolelewa nyumba moja wakila sinia moja hutofautiana kwazo waziwazi.

Watafiti wanazifuatilia kwa sababu zinahusika na matatizo mawili ambayo kwa muda mrefu yalishughulikiwa na wataalamu tofauti, kana kwamba hayana udugu. La kwanza ni unene uliopitiliza. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuanzia kipimo cha BMI cha 30, yaani uzito wa mwili kwa kilo ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni moja duniani, watoto na watu wazima, walikuwa katika kundi hilo. La pili ni maradhi ya ulaji: anoreksia, ambayo humfanya mtu ajinyime chakula mpaka mwili ukakonda kwa hatari, bulimia, ambayo daktari Gerald Russell wa London aliieleza mwaka 1979, ambapo mtu hufakamia kisha akajitapisha au kutumia dawa za kuharisha, na maradhi ya kufakamia, yaliyopewa nafasi yake rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Kufakamia kwa maana ya kitabibu si kula sana kwenye harusi. Ni kula, katika muda wa kama saa mbili, chakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula katika hali hiyohiyo, huku mtu akihisi kwamba hawezi kujizuia wala kuacha. Kukitokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, kukaambatana na dhiki kubwa ya moyo na pasiwe na kujitapisha, kunaitwa maradhi. Nchini Marekani, utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba asilimia 3.5 ya wanawake na asilimia 2 ya wanaume wamewahi kuwa nayo maishani, zaidi ya waliopata anoreksia na bulimia kwa pamoja.

Wazo kwamba wanene hula kwa namna yao lilianza kupimwa maabara katika miaka ya 1960. Stanley Schachter, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliwaalika watu waje bila kula, akawaambia kazi yao ni kuonja biskuti za chumvi na kuzitolea maoni. Kabla ya kuonja, baadhi yao walilishwa sandwichi za nyama na wengine hawakulishwa. Wenye uzito wa kawaida waliolishwa walikula biskuti chache kuliko wenzao wenye njaa, kama ambavyo mtu yeyote angetarajia. Wanene walikula karibu kiasi kilekile, wawe wamelishwa au la. Katika jaribio jingine, saa ya ukutani ilichezewa ili ionyeshe kwamba wakati wa chakula cha jioni umefika, na wanene wakala zaidi pale saa ilipowaambia hivyo. Schachter akahitimisha kwamba mnene haongozwi na tumbo lake, huongozwa na vitu vya nje: saa, harufu, sahani iliyojaa. Hitimisho hilo lilikuwa zuri kupita kiasi. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya mwanafunzi wake Judith Rodin, yalionyesha kwamba wanaovutwa na vitu vya nje wapo katika kila kundi la uzito, na wanene wengi hawamo. Hata hivyo swali alilouliza Schachter lilibaki hai, na kipimo cha kuvutwa na chakula kinachotumika leo ni mjukuu wa swali hilo.

Daktari Hilde Bruch, aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Marekani, aliangalia upande mwingine. Kwa kuwasikiliza wagonjwa wanene na wagonjwa wa anoreksia kwa miongo kadhaa, aliona kwamba wengi wao hawatofautishi njaa na misukosuko mingine ya mwili na moyo. Hasira, upweke na uchovu vyote huitwa njaa. Chanzo alikiweka utotoni: mtoto anayepewa chakula kila anapolia, hata asipolilia chakula, hajifunzi kuitambua njaa. Maelezo yake kuhusu mama na mtoto yalikuwa na lawama nyingi kwa akina mama kuliko ushahidi uliokuwepo, lakini jambo moja alilitangulia wakati wake: aliyaweka unene na kujinyima katika kitabu kimoja, mwaka 1973, kama matatizo yenye asili inayokaribiana.

Pigo kwa imani ya kawaida lilikuja mwaka 1975. Peter Herman na Deborah Mack waliwachukua wanafunzi wa kike wa chuo kikuu, wakawagawa kwa hojaji kati ya wanaojinyima ili wasinenepe na wasiojinyima. Baadhi walipewa bilauri moja au mbili za maziwa mazito yenye sukari, wengine hawakupewa. Kisha wote waliwekewa aiskrimu ya aina tatu, wakaambiwa waonje wapendavyo. Wasiojinyima walifanya lile ambalo tumbo hufanya: waliokunywa maziwa walikula aiskrimu kidogo. Wanaojinyima waligeuza mambo. Waliokunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao ambao hawakunywa kitu. Utafiti wa baadaye wa Janet Polivy na wenzake ulionyesha kwamba haukuhitajika hata wingi wa sukari wenyewe; ilitosha mtu aamini kwamba amekula kitu cha kunenepesha. Mtu aliyejiwekea sheria kali, akishaivunja, huona siku imeharibika, na kama imeharibika basi na iharibike yote. Hapa ndipo ilipoonekana mara ya kwanza, kwa kipimo, kwamba jitihada ya kuzuia unene inaweza kuzaa kule kufakamia.

Baada ya hapo zikaja hojaji ambazo hadi leo hutumika karibu kila mahali. Mwaka 1985 Albert Stunkard na Samuel Messick walitoa hojaji ya maswali 51 inayopima mambo matatu: kujinyima kwa makusudi, wepesi wa kushindwa kujizuia, na njaa inayohisiwa. Mwaka uliofuata Tatjana van Strien na wenzake huko Uholanzi walitoa yao ya maswali 33, inayotenganisha kujinyima, kula kwa kusukumwa na hisia, na kula kwa kuvutwa na vitu vya nje. Stunkard hakuwa mgeni wa jambo hili. Mwaka 1955 alikuwa ameeleza tabia ya wagonjwa wanene wanaokula usiku na kukosa hamu asubuhi, na mwaka 1959 akaeleza kufakamia, miaka ishirini kabla ya Russell kuipa bulimia jina.

Matokeo ya hojaji hizo kwa watu wazima yanaelekea upande mmoja katika jambo moja, na yanagongana katika jingine. Wepesi wa kushindwa kujizuia ndio unaoendana na uzito mkubwa kwa uthabiti zaidi kuliko kipimo kingine chochote kati ya vile vitatu vya hojaji ya Stunkard. Anayekubali kwamba huendelea kula kwa sababu wengine mezani bado wanakula, au kwamba akianza kitu kitamu hawezi kuishia katikati, ana uwezekano mkubwa wa kuwa na uzito mkubwa sasa na wa kuongezeka baadaye, na pia wa kufakamia. Kujinyima ndiko kunakoleta mgongano. Katika baadhi ya makundi wanaojinyima ni wembamba, katika mengine ni wanene, na katika mengi hakuna uhusiano wowote. Sehemu ya jibu aliipata Joachim Westenhoefer wa Ujerumani mwaka 1991 alipoona kwamba hojaji ilikuwa imechanganya vitu viwili. Kuna kujinyima kugumu, kwenye marufuku: wali marufuku, mandazi marufuku, na akila andazi moja amekosa. Kuna na kujizuia kunakonyumbuka: anayekula andazi leo na jioni akapunguza. Kujinyima kugumu huendana na kushindwa kujizuia na uzito mkubwa. Kunakonyumbuka huendana na kinyume chake. Ushauri mwingi wa kupunguza uzito unaosambaa mitandaoni Afrika Mashariki, wa kukata wanga wote au kunywa maji ya ndimu tu kwa wiki nzima, ni wa aina ile ya kwanza.

Kwa watu wazima, hata hivyo, haiwezekani kujua kipi kilitangulia. Mnene anayejinyima huenda anajinyima kwa sababu ni mnene. Ndiyo maana kazi iliyofanywa kwa watoto ina uzito wa pekee, na hasa ile iliyoongozwa na Jane Wardle katika chuo kikuu cha University College London. Mwaka 2001 Wardle na wenzake walitoa hojaji ya maswali 35 ambayo mzazi hujaza kuhusu mtoto wake. Inapima mielekeo minane. Minne humvuta mtoto kwenye chakula au kinywaji: kuvutwa na chakula, kukifurahia, kula zaidi akiwa na hisia kali, na kupenda kunywa vinywaji. Minne humtenga nacho: wepesi wa kushiba, kula polepole, kula kidogo akiwa na huzuni, na uchaguzi wa vyakula. Maswali yenyewe ni ya nyumbani kabisa. Mzazi huulizwa kama mtoto wake huomba chakula kila wakati, kama hushiba kabla mlo haujaisha, kama angekula muda wote endapo angeruhusiwa.

Kisha ukaja utafiti wa mapacha uitwao Gemini, wa familia 2,402 za Uingereza na Wales zilizopata mapacha mwaka 2007. Mapacha wanafaa kwa sababu wa kufanana wana jeni zilezile, ilhali wasiofanana wanagawana kama nusu tu, na wote wanalelewa pamoja. Wazazi waliulizwa, watoto wakiwa na umri wa kama miezi minane, jinsi walivyokuwa wakinyonya katika miezi mitatu ya mwanzo, wakati chakula chao kilikuwa maziwa matupu. Urithi wa jeni ulieleza takriban asilimia 72 ya tofauti za wepesi wa kushiba, 84 za polepole ya kunyonya, 59 za kuvutwa na chakula na 53 za kukifurahia. Tarakimu hizi hueleweka vibaya mara nyingi. Hazisemi kwamba asilimia 72 ya shibe ya mtoto fulani imetoka kwa jeni. Zinasema kwamba miongoni mwa watoto hao, katika mazingira hayo, tofauti kati ya mmoja na mwingine zinatokana zaidi na jeni kuliko malezi.

Jambo lenye nguvu zaidi katika utafiti huo pengine ni lile lililofanywa kwa mapacha wasiofanana wa jinsia moja ambao hamu zao zilitofautiana wakiwa na miezi mitatu. Ni watoto wa mama mmoja, wa umri mmoja, wa nyumba moja. Walipofika miezi kumi na mitano, yule aliyekuwa mwepesi wa kuvutwa na maziwa alikuwa amemzidi mwenzake kwa karibu kilo moja. Kilo moja kwa mtoto wa umri huo si kitu kidogo. Na kwa kuwa kila kingine ndani ya nyumba kilikuwa sawa, ni vigumu kusema mama ndiye aliyemlisha vibaya mmoja na vizuri mwingine.

Njia ambayo jeni hupitia imeanza kuonekana. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba wenye nakala mbili za aina fulani ya jeni iitwayo FTO walikuwa wazito kwa wastani wa kilo tatu kuliko wasio nayo, na mwaka uliofuata kundi la Wardle likaonyesha kwamba watoto wenye aina hiyo ni wagumu wa kushiba. Mfano ulio wazi kuliko yote ni nadra sana. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge waliwaeleza watoto wawili wa ukoo mmoja, wenye asili ya Pakistan, ambao miili yao haikutengeneza homoni ya leptini, ile inayouarifu ubongo kwamba mwili una akiba ya mafuta. Msichana wa miaka minane alikuwa na kilo 86. Watoto hao walitafuta chakula mchana na usiku. Msichana alipoanza kuchomwa sindano za leptini akiwa na miaka tisa, hamu yake ilishuka na kwa mwaka mmoja akapungua zaidi ya kilo 16. Hakuna aliyemfundisha nidhamu. Homoni iliporudi, ulafi uliondoka.

Si kila tabia ya ulaji huzaliwa na mtu. Kula kwa kusukumwa na hisia ndiko kunakopingana na mengine yote. Mapacha walewale wa Gemini walipofika umri wa miaka mitano, watafiti waliona kwamba tofauti za kula zaidi au kula kidogo kwa sababu ya huzuni au hasira zilielezwa kwa sehemu kubwa sana na mazingira ya nyumbani wanayoshiriki, na jeni zilichangia kidogo. Hapo Bruch alipatia, ingawa kwa njia yake. Mtoto aliyeanguka anapewa pipi anyamaze. Aliyefanya vizuri shuleni ananunuliwa soda na chipsi. Aliyekosa anatishiwa kunyimwa keki. Kila mara chakula kinafanya kazi isiyo ya kushibisha, na mtoto hujifunza kazi hiyo. Hili ndilo eneo ambalo wazazi wana uwezo mkubwa zaidi wa kubadilisha kitu.

Kinyume chake, kubana kupita kiasi nako kuna gharama. Leann Birch na Jennifer Fisher, katika majaribio ya mwishoni mwa miaka ya 1990, waliwaweka watoto katika chumba chenye biskuti ya aina fulani ambayo waliiona lakini hawakuruhusiwa kuichukua isipokuwa kwa dakika chache. Watoto waliizungumzia, wakaiomba, na waliporuhusiwa wakaifuata kuliko ile waliyokuwa wakipewa bila masharti. Wasichana ambao mama zao waliwabana sana vyakula vitamu nyumbani ndio waliokula zaidi vitafunio hivyo hata baada ya kushiba.

Mazingira hayaishii mlangoni mwa nyumba. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 ndani ya wodi kwa mwezi mzima. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizowekwa mezani zikilinganishwa, na waliambiwa wale watakavyo. Katika wiki za vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Katika zile nyingine walipungua kiasi hichohicho. Vyakula vya viwandani walivila pia kwa kasi zaidi. Ugumu wa kushiba kwa mtoto aliyezaliwa katika kijiji cha muhogo, maharage na mboga za shambani hauna pa kujitokeza. Ugumu uleule katika mtaa wenye chipsi mayai kila kona, soda baridi dukani na pakiti za biskuti zinazouzwa shilingi chache una pa kutosha. Wardle aliliweka hili katika nadharia moja: jeni huamua nani atakayedhurika na mazingira, na mazingira huamua kama atadhurika.

Kutoka hapo, njia ya kwenda kwenye maradhi ya ulaji ni fupi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza na Uholanzi waliunganisha takwimu za Gemini na zile za watoto wa Rotterdam, vijana zaidi ya 3,600 kwa jumla. Waliokuwa wakivutwa sana na chakula wakiwa na miaka minne au mitano walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, walipofika miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, wa kuonyesha dalili za kufakamia, kula kwa hisia, na pia kujinyima na kutafuta njia za kufidia walichokula. Wepesi wa kushiba na kula polepole viliwalinda kwa kiasi. Utafiti wa awali wa watoto wa eneo la Bristol waliozaliwa mwaka 1991 na 1992 uliongeza upande wa pili: waliokula kupita kiasi tangu utotoni walielekea kufakamia, na wasichana waliokula kidogo mno kwa miaka mfululizo walikuwa na hatari kubwa zaidi ya anoreksia walipofikia miaka 16. Hata uchambuzi wa jeni wa anoreksia uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ugonjwa huo una mizizi katika namna mwili unavyotumia chakula kama ulivyo nayo katika akili, na jeni zake zinaelekea kinyume na zile za uzito mkubwa.

Kwa hiyo tabia moja, kuvutwa na chakula, inaweza kumfikisha mtu pawili. Kijana mwenye hamu kubwa katika mazingira yaliyojaa chakula hunenepa. Akinenepa, huchekwa shuleni, hukemewa nyumbani, na huanza kujinyima kwa ukali. Mwili uliozuiwa hudai haki yake. Jaribio la Ancel Keys huko Minnesota, mwaka 1944 na 1945, lilionyesha madai hayo kwa wanaume 36 wenye afya nzuri waliojitolea kulishwa nusu ya mahitaji yao kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito. Waliota chakula, walikusanya vitabu vya mapishi, na waliporuhusiwa kula tena baadhi yao walikula mpaka kuugua na bado wakasema wana njaa. Hawa walikuwa watu wasio na historia ya unene wala ya maradhi ya ulaji. Njaa peke yake ilitosha.

Je, basi kila anayejaribu kupunguza uzito anajitafutia maradhi? Ushahidi hauendi hivyo. Utafiti mrefu wa vijana wa Minnesota ulioongozwa na Dianne Neumark-Sztainer ulikuta kwamba waliojinyima wenyewe, hasa kwa kuruka milo, kuvuta sigara au kujitapisha, miaka mitano baadaye walikuwa na uzito mkubwa zaidi na walifakamia zaidi. Lakini mapitio ya tiba za unene za watoto na vijana zinazosimamiwa na wataalamu, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba dalili za maradhi ya ulaji hupungua wakati wa tiba, haziongezeki. Tofauti iko katika namna. Mlo wa mpangilio wenye msaada wa mtu anayejua kazi si kitu kimoja na kuruka mlo wa mchana peke yako kwa aibu.

Vipimo vyote hivi vilitengenezwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na vikihamishwa bila uangalifu hudanganya. Mwaka 2004 Daniel le Grange na wenzake walichunguza vijana weusi maskini wa Afrika Kusini waliopata alama za juu katika hojaji ya maradhi ya ulaji. Walipohojiwa ana kwa ana, ilionekana kwamba wengi waliokubali kuwa huwaza chakula kila wakati waliwaza chakula kwa sababu hakikuwepo nyumbani. Hojaji ilikuwa imehesabu umaskini kuwa ugonjwa wa akili. Onyo hilo linahusu kila mtafiti anayezipeleka hojaji hizo Mbagala au Kibera. Lakini umaskini na maradhi ya ulaji havifukuzani. Mwaka 2017 utafiti wa wanaopokea chakula cha msaada huko Texas ulikuta kwamba kadiri uhaba wa chakula ulivyokuwa mkali ndivyo kufakamia kulivyozidi. Mshahara ukiingia mtu hula sana, ukiisha hufunga bila kutaka, na mzunguko wake ni uleule wa anayejinyima kwa hiari.

Afrika Mashariki ina mambo yake. Katika sehemu nyingi unene wa wastani ulihesabiwa kuwa dalili ya raha na ndoa njema, na kukonda kukawa na tafsiri nzito zaidi baada ya miaka ya 1980, Ukimwi ulipoitwa slim nchini Uganda. Mtu aliyepungua alitiliwa shaka. Wakati huohuo uzito umepanda haraka: tafiti za kitaifa zilikuta wanawake wenye uzito uliozidi au unene kuwa asilimia 33 nchini Kenya mwaka 2014 na asilimia 28 nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016. Na picha za miili mingine zinaingia kwa simu. Fiji ilikuwa na heshima hiyohiyo kwa mwili mnono. Anne Becker alikuta kwamba miaka mitatu baada ya televisheni kufika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, wasichana waliojitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Kurudi Afrika Mashariki, funga ya Ramadhani haifanani na kujinyima kwa kuogopa unene, kwa kuwa nia yake na mwisho wake vinajulikana. Ila kwa mwenye anoreksia au bulimia inaweza kuwa kificho, na daktari hana budi kuuliza.

Matibabu yanaufuata mgawanyo huu wa tabia. Kwa anayefakamia, hatua ya kwanza katika tiba ya Christopher Fairburn wa Oxford ni kula kwa ratiba, milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, bila kuacha pengo linalozidi saa nne. Kwa mwenye ugumu wa kushiba, dawa za kizazi kipya hugusa shibe yenyewe: katika jaribio la mwaka 2021, waliochomwa semaglutide kila wiki walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito kwa wiki 68, dhidi ya asilimia 2.4 kwa waliochomwa sindano zisizo na dawa. Bei yake bado ni ya wachache, na haifai kupewa mtu anayejitapisha au kujinyima kwa siri bila daktari kujua.

Maswali matano au sita ya hojaji yanatosha kumwambia mhudumu wa afya kama aliyeketi mbele yake hushiba kwa shida, hula kwa huzuni, au hufakamia baada ya siku za kujinyima. Kumwambia kila mmoja wao apunguze kula ni kumpa wa kwanza kazi isiyowezekana, wa pili jibu la swali ambalo hakuuliza, na wa tatu sababu ya kuugua zaidi.